UZI: Amri za "usifanye biashara na adui" zilivyoikata pwani yetu 1914, na jalada ambalo vita ilipoisha halikufungwa

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Vita Kuu ya Kwanza ikitajwa huku kwetu, mazungumzo huenda moja kwa moja kwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani huku kwetu, mapigano ya Tanga na mateso ya wapagazi. Yanastahili kusemwa. Leo naleta upande wa makaratasi: amri zilizomkataza mtu kuandika barua, kupeleka mzigo, kulipa deni au kupokea fedha kutoka ng'ambo ya mpaka uliochorwa na wengine. Nimesoma habari hizi kwa muda mrefu, na ninachokiamini ni kwamba bunduki zilinyamaza Novemba 1918, lakini amri zile zikaendelea kuamua nani ana shamba na nani hana mpaka miaka ya 1950.

Tuanze na hali ya pwani kabla ya Agosti 1914. Mombasa na Zanzibar zilikuwa chini ya Mwingereza, Tanga, Bagamoyo na Dar es Salaam chini ya Mjerumani, lakini soko lilikuwa moja. Majahazi yalikwenda na kurudi kwa pepo zilezile. Rupia ilitumika pande zote mbili. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa na matawi huku na huku. Allidina Visram, kwa mfano, alianzia Bagamoyo kabla ya kutandaza maduka yake hadi Uganda. Mzee wa Pemba alikuwa na binti aliyeolewa Pangani. Mwalimu wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alisoma Kiungani, Zanzibar, akafundisha Muheza, na mshahara wake ukitokea Zanzibar. Hakuna aliyeona ajabu.

Tarehe 5 Agosti 1914 tangazo la Mfalme wa Uingereza likapiga marufuku biashara na Ujerumani kwa kila aliyekaa kwenye himaya yake, makoloni yakiwemo. Septemba 9 likafuata tangazo pana zaidi, na Septemba 18 Bunge likapitisha sheria kamili yenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka 7.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Katika tangazo la Septemba, adui hakutambuliwa kwa damu wala kwa uraia. Adui alikuwa mtu yeyote anayekaa au kufanya biashara katika nchi ya adui. Kwa hiyo Mhindi wa Bombay, raia wa Mfalme yuleyule wa Uingereza, mwenye duka lake Tanga, alikuwa adui kisheria. Kaka yake wa Zanzibar akimtumia robota la kitambaa cha amerikani ametenda jinai. Akimlipa deni la mwaka jana ametenda jinai. Upande wa pili wa sarafu, Mjerumani aliyeishi nchi isiyo vitani hakuwa adui chini ya tangazo lile, mpaka Desemba 1915 London ilipopitisha sheria nyingine ya kuwaandika kwenye orodha nyeusi watu na kampuni za nchi zisizo vitani, kwa sababu ya uraia au uhusiano wao na adui.

Fikirini maana yake kwa mtu wa kawaida. Hukubadilisha dini, hukuhama nyumba, hukubeba silaha. Ulilala ukiwa mfanyabiashara, ukaamka ukiwa adui wa ndugu yako wa tumbo moja, kwa sababu tu ya mtaa unaokaa.

#2 Mleta uzi (inaendelea)

Sasa mawasiliano, na hapa ndipo Mwingereza alipokuwa na mkono mrefu kuliko wote.

Alfajiri ya Agosti 5, meli ya Kiingereza iitwayo Alert ilikuwa tayari kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, ikivua kutoka chini ya bahari nyaya za simu za Wajerumani na kuzikata. Huku kwetu kazi ilikuwa rahisi zaidi, maana waya ulioiunganisha Dar es Salaam na dunia ulipita Zanzibar, mikononi mwa Waingereza. Ulikatwa, na koloni zima likabaki na simu ya upepo peke yake. Agosti 8 manowari Astraea ikaja kuipiga Dar es Salaam kwa mizinga, lengo likiwa mnara wa simu hiyo ya upepo.

Mjerumani alikuwa amejenga mtandao wa minara Afrika. Mkubwa ulikuwa Kamina, Togo, uliopokea ujumbe moja kwa moja kutoka Nauen karibu na Berlin na kuusambaza kwenye makoloni na kwenye meli. Wajerumani wenyewe waliubomoa mwishoni mwa Agosti 1914 usije ukaangukia mikononi mwa adui. Windhoek ukaanguka Mei 1915. Mwezi uliofuata Waingereza wakavuka Ziwa Victoria hadi Bukoba kwa ajili ya mnara mdogo uliokuwa pale. Waliuangusha, kisha wanajeshi wakaachiwa kupora mji. Watu wa Bukoba hawakuwa na simu ya upepo majumbani mwao, lakini walioporwa ni wao.

Baada ya hapo habari ziliingia kwa matone: mnara mmoja unaobahatika kunasa sauti ya mbali usiku, au barua inayopenya kupitia Msumbiji, maana Ureno haikuingia vitani na Ujerumani mpaka Machi 1916. Mto Ruvuma ulipitisha barua na bidhaa ambazo bahari ilizikataa.

Bahari nayo ilifungwa rasmi. Kuanzia Machi 1, 1915 Waingereza walitangaza mzingiro wa pwani yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Meli mbili tu za msaada kutoka Ujerumani zilifika baada ya hapo. Rubens, iliyojigeuza meli ya Denmaki kwa jina la Kronborg, iliingia ghuba ya Manza karibu na Tanga Aprili 1915 ikakutwa na manowari Hyacinth. Ilipigwa, lakini shehena yake nyingi iliopolewa. Marie ikaingia Sudi, kusini ya Lindi, Machi 1916.

Chombo cha mvuvi hakikuwa na jina la kubadilisha wala bendera ya Denmaki. Ulipotangazwa mzingiro, jahazi la kupeleka mtama na chumvi likawa chombo cha magendo kwa amri moja. Nakazia hapa kwa sababu tukisoma vitabu vya vita tunaona manowari na meli za siri tu, huku biashara ya majahazi, iliyolisha watu wengi kuliko meli zote hizo, ikipewa mstari mmoja au isitajwe kabisa.

#3

Mkuu, uzi mzuri na nimejifunza, ila naona unaegemea upande mmoja. Vita ni vita. Serikali gani itaacha watu wake wapeleke nguo, fedha na habari kwa jeshi linalowaua askari wake? Chukua Tanga, Novemba 1914. Jeshi la kama watu 8,000 kutoka India lilishindwa na kikosi cha kama watu 1,000. Sababu mojawapo ni kwamba siri ilivuja. Magazeti ya upande wa Waingereza yaliandika kuwa jeshi linakuja, na barua zilizonaswa zilimwambia Lettow-Vorbeck hivyohivyo. Mizigo ya jeshi hilo iliandikwa waziwazi inakokwenda. Kungekuwa na ukaguzi mkali wa barua na magazeti tangu mwanzo, mamia ya askari wasingekufa kwenye yale mashamba.

#4 Mleta uzi

Mkuu #3, mfano wako ni mzuri na siupingi. Nauongezea nguvu kabisa: Oktoba 1914 manowari Chatham ilikagua meli ya Kijerumani Präsident huko Lindi, iliyodai kuwa meli ya hospitali. Ndani yake zilikutwa karatasi za shehena zikionyesha kuwa matishari ya makaa ya mawe yamepelekwa Rufiji. Manowari Königsberg, iliyokuwa ikitafutwa bahari nzima, ikajulikana imejificha kwenye delta. Karatasi ya mzigo ndiyo iliyoiuza. Kwa hiyo sina ubishi kwamba biashara na barua vinaweza kuua au kuokoa jeshi.

Ubishi wangu uko kwenye upana wa wavu. Kuficha tarehe ya jeshi kutia nanga ni jambo moja. Kumkataza mama wa Pemba asimpelekee salamu binti yake wa Pangani ni jambo lingine, na amri ileile ilikusanya yote mawili bila kutofautisha. Tazama pia nani alivujisha siri ya Tanga: magazeti ya wakubwa na jeshi lenyewe kwa kuandika anwani kwenye masanduku. Zaidi ya hapo, kabla ya kushambulia, nahodha wa manowari Fox aliingia bandarini kuwaarifu Wajerumani kuwa makubaliano ya kutoshambulia mji yamevunjwa. Wakapata muda wa kuleta askari kwa reli kutoka Moshi. Hakuna mwenye duka aliyehusika na lolote kati ya hayo, lakini wavu ulipotandazwa ulimnasa mwenye duka.

Na upande wa Mjerumani haukuwa na huruma zaidi. Wamisionari wa Kiingereza waliwekwa kizuizini. Walimu wa Kiafrika wa UMCA wakakamatwa kwa kushukiwa kuwa na mawasiliano na Waingereza, ushahidi mkubwa ukiwa ni kwamba walisomeshwa na Waingereza na waliandikiana barua na Zanzibar. Martin Kayamba, ambaye baadaye alikuwa karani mkuu Tanga na mwaka 1922 akaanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali, alikuwa mmoja wa waliofungwa na Wajerumani wakati wa vita. Barua zilezile za Zanzibar zilizokuwa kazi yao ya kila siku zikawa kosa.

#5

Naomba kuuliza. Kama bahari ilifungwa kabisa hivyo, waliokuwa ndani waliishije miaka hiyo yote? Nguo, chumvi, dawa, hata fedha, vyote vilikuwa vinaletwa na meli.

#6 Mleta uzi

Swali hili ndilo nililokuwa nalingoja.

Nguo ilikuwa ya kwanza kuuma. Amerikani na kaniki zilikuwa bidhaa za kuletwa, na bila meli zilipotea madukani. Usokotaji wa pamba kwa mkono, ambao nguo za kuletwa zilikuwa zimeuua sehemu nyingi, ukafufuliwa, na kwingine watu wakarudia nguo za magome. Chumvi ikategemewa ya Uvinza. Taasisi ya utafiti ya Amani, kule Usambara, iliacha kazi zake za mimea na kugeuka kiwanda: sabuni, mishumaa, na juu ya yote kwinini kutoka magome ya miti ya sinkona iliyokuwa imepandwa kule. Wanajeshi walikunywa kwinini hiyo ikiwa maji machungu kupita kiasi. Mafuta ya kuendeshea magari yalitengenezwa kutokana na mbata.

Fedha ndiyo ya kustaajabisha zaidi. Rupia za fedha zilifichwa na watu, kila mtu akizika zake. Serikali ikachapa noti za dharura kwa mitambo na karatasi iliyokuwepo. Baadaye kazi ikahamia Tabora, na mwaka 1916 kwenye karakana ya reli wakafua sarafu za shaba nyeupe na nyekundu kutokana na vyuma chakavu, pamoja na ile maarufu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanaigombania.

Lakini jiulizeni nani alilipwa kwa noti na nani kwa dhahabu. Mkulima aliyechukuliwa ng'ombe au nafaka na jeshi alikabidhiwa karatasi, na serikali ya Mjerumani ilipoondoka madarakani mwenye karatasi ndiye aliyebaki na hasara. Mzingiro ulikusudiwa kuliangusha jeshi la Lettow-Vorbeck. Jeshi halikuanguka kwa mzingiro. Lilijilisha kwa kunyang'anya vijijini, kuanzia Kilimanjaro hadi Ruvuma na kuvuka Msumbiji, na majeshi ya Waingereza na Wabelgiji yaliyolifukuza yakafanya hivyohivyo. Njaa iliyoshika sehemu nyingi mwaka 1917 hadi 1919 ililetwa na mambo mengi, ukame na kuchukuliwa kwa wanaume kuwa wapagazi yakiwemo. Kufungwa kwa biashara ya nafaka kulikaza kitanzi.

#7

Wazee wetu wa kusini walikuwa wakisema kwamba vita ile iliisha lakini watu hawakujua. Kuna ukweli?

#8 Mleta uzi

Upo, na unatokana na kukatwa kwa mawasiliano. Mkataba wa kusimamisha vita ulianza kufanya kazi Ulaya Novemba 11, 1918. Siku hiyo Lettow-Vorbeck alikuwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, akisonga mbele, bila waya, bila simu ya upepo. Alipata habari siku mbili baadaye kwa sababu watu wake walimkamata mpanda pikipiki wa Kiingereza aliyebeba ujumbe. Akasalimu amri Abercorn, leo Mbala, Novemba 25. Kwa hiyo kuna watu waliopigwa risasi na wapagazi walioanguka njiani baada ya vita kuisha, kwa kuwa habari haikuwa na njia ya kuwafikia.

Sasa niingie kwenye kile kilichonifanya nianzishe uzi huu: mali ya adui.

Sheria za biashara na adui huwa na mguu wa pili. Ukishasema mtu fulani ni adui, mali yake iliyoko upande wako unaiweka chini ya mtunza mali za adui. Neno ni kutunza. Wakati wa vita linasikika la haki: tunaishika mpaka amani irudi. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 297, ukazipa nchi zilizoshinda haki ya kuishika moja kwa moja na kuiuza mali ya Wajerumani iliyoko kwao, Ujerumani ikiachiwa kazi ya kuwalipa fidia raia wake.

Kwa Tanganyika hiyo ilimaanisha mashamba ya mkonge ya Tanga na Usambara, kahawa ya Kilimanjaro na Meru, nyumba za mjini, hoteli. Serikali mpya ikayapiga mnada. Waliokuwa na fedha wakanunua: Wahindi, Wagiriki, Waingereza. Mwaka 1925 Wajerumani wakaruhusiwa kurudi, na wengi wakarudi kununua tena. Kufikia 1939 walikuwa karibu 3,000. Vita ya pili ikaanza, mtunza mali za adui akafungua ofisi tena, wanaume wakawekwa kizuizini, wengi wakapelekwa Afrika Kusini na Rhodesia ya Kusini, na mashamba yaleyale yakaingia mara ya pili kwenye jalada lilelile.

Na mashamba hayo hayakulala. Mjapani alipoziteka Ufilipino na Java mwaka 1942, katani ya upande ule ikakatika, na mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Vijana wa Kiafrika wakachukuliwa kwa lazima kwenda kufanya kazi mashambani, mengine yakiwa haya ya "adui".

#9

Mkuu, hapo kwenye mnada umegusa donda. Hiyo ardhi ya Meru ilikuwa ya Wajerumani kwa haki gani? Waliichukua kwa wenyewe. Iweje iitwe mali ya adui badala ya mali ya Wameru iliyoporwa?

#10 Mleta uzi

Umeliona, mkuu. Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Wajerumani walikuwa wamewakatia walowezi mashamba kuuzunguka mlima Meru upande wa chini, yakawatenga Wameru na Waarusha na malisho yao ya tambarare. Mwaka 1919 hadi miaka ya mwanzo ya 1920 Mwingereza alikuwa na nafasi ambayo watawala huipata mara chache: mwenye hati kaondoka, ardhi iko mikononi mwa serikali, na wenyewe wa asili wako palepale wanaitazama. Sehemu ndogo ilirudishwa. Nyingine nyingi iliuzwa, kwa sababu kwenye vitabu ilishaandikwa kuwa ni mali ya adui, na mali ya adui kazi yake ni kuuzwa. Swali lako, "ya nani kabla ya adui?", halikuwa na safu yake kwenye daftari la mtunza mali.

Baada ya vita ya pili nafasi ikaja mara ya pili. Safari hii ikaundwa tume ya Jaji Mark Wilson kuhusu ardhi za Arusha na Moshi, iliyotoa ripoti 1947, na swali mojawapo likiwa mashamba hayo ya Wajerumani yagawanywe vipi. Mpango uliotokana nayo uliwarudishia Wameru baadhi ya mashamba, huku ukiwataka waondoke Engare Nanyuki ili eneo lile liwe la walowezi wa Kizungu wa kufuga ng'ombe. Novemba 1951 polisi wakaingia. Nyumba zikachomwa, watu wapatao 3,000 wakahamishwa. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 mwakilishi wao Kirilo Japhet akasimama Umoja wa Mataifa, New York, kueleza kilichotokea. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mtanganyika kulalamika pale kwa mdomo wake mwenyewe, na harakati zilizozaa TANU mwaka 1954 zilichota nguvu humo.

#11

Je, sheria za aina hii bado zipo duniani, au ni historia tu?

#12 Mleta uzi

Zipo. Marekani ilitunga yake Oktoba 6, 1917, na haikufutwa vita ilipoisha. Mwaka 1933 Rais Roosevelt aliitumia kufunga mabenki ya nchi yake mwenyewe, wakati hakukuwa na vita yoyote. Vikwazo dhidi ya Cuba vilivyowekwa chini yake miaka ya 1960 vimekuwa vikihuishwa na marais mmoja baada ya mwingine, ingawa Marekani haijatangaza vita na Cuba.

Ninachowaomba wenye asili ya Tanga, Lindi, Bukoba na Meru: kama nyumbani kuna noti za Tabora, hati za mnada wa miaka ya 1920 au barua zenye mhuri wa mkaguzi, msizitupe wala msiuze kwa wapita njia. Zipigeni picha, andikeni nyuma zilikuwa za nani na alizipataje, kisha leteni hapa. Nitaanza kukusanya za Meru, halafu nifungue uzi wa Engare Nanyuki peke yake, maana humu habari yake imepata aya moja tu na inastahili zaidi ya hapo.